Nilimpaka Nadia Dawa ya Nyanya, Wakasema Ni Corona

Mama Mwasiti, amahoro. Naomba unisaidie, maana tangu juzi sijasuka hata kichwa kimoja. Mimi ni msusi hapa Rumonge, nilitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mume wangu Lameki, na kila mutoto aliyekuja na chawa nilimupaka dawa ya chupa ndogo iliyokuwa inatoka kule kwetu, halafu corona ikaingia, mpaka ukafungwa, mitumbwi ikakatazwa kuvuka, dawa ikaisha, chawa wakajaa, nikasikia kuna dawa ya kunyunyizia nyanya inayoua kila mududu, nikanunua kidogo kwenye chupa ya soda, nikamupaka Nadia, mutoto wa jirani yangu Aziza, alikuwa na miaka saba, nikamufunga mfuko wa plastiki kichwani ili chawa wafe vizuri.

Haikupita saa moja mate yakaanza kumutoka, jasho, pumzi inakoroma, nikamubeba mgongoni mbio mpaka kituo cha afya, na watu walipoona anavyopumua wakapiga kelele, "Corona! Corona!" Wakamufungia chumba cha peke yake. Muuguzi akaniuliza, "Mama, huyu mutoto ameshika nini? Mumemupa nini?" Nikasema, "Sijui." Mama mushauri, nilisema sijui.

Siku sita, Mungu akamuponyesha. Lakini Aziza na mume wake Kassimu walikimbiwa, ndagala, samaki wadogo waliokuwa wanauza, zikaoza, hakuna aliyetaka kununua kwa watu wa corona, na mama yake Aziza akafariki mwezi ule bila jirani kukanyaga matangani, nilienda mimi tu, na Aziza akanikumbatia akisema, "Wewe ndiye ndugu yangu."

Sasa miaka imepita, na juzi Bora, musichana ninayemufundisha kusuka, akaingia na chupa ya soda. "Mama, dawa ya farumasi iko bei sana, nimepata hii, inaua haraka. Mutoto anangoja, nianze?" Nikanusa. Ni ile ile. Nilimunyang'anya nikapiga kelele, akauliza kwa nini. Nikimueleza, Aziza atasikia. Nifanye nini?

Cibalonza, Rumonge

*

Cibalonza, barua yako niliianza nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia simu mchana ule ule na nilikufokea, wala sijutii.

Hukujua kwamba ile ni sumu, na ulimkimbiza mtoto mgongoni, hayo nimeyaona. Lakini ile "sijui" yako ilikuwa sumu ya pili. Muuguzi alikuwa anatibu corona, mtoto anakufa kwa dawa ya nyanya, na wewe peke yako ndiye uliyejua, umesimama pale mlangoni umefunga mdomo!

Nilikuambia uanze na Bora, kisha Aziza, na kwamba barua hii haitoki kabla hawajasikia kwako. Jana umenipigia. Bora ameimwaga ile dawa kwenye shimo mbali na ziwa. Aziza alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Mama yangu alizikwa watu wanatukimbia, na wewe ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Akafunga mlango.

Sasa unaniuliza urudi lini kuomba msamaha. Usirudi. Ule mlango ni wake, ataufungua akitaka, na asipotaka utanyamaza.

Wasusi wengine mnaosoma: chawa wanatolewa kwa kitana chenye meno ya karibu, nywele zikiwa na maji na sabuni, mnarudia kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, au dawa yenye karatasi yake kutoka farumasi. Dawa ya shamba ikimgusa mtoto, mwoshe kwa maji mengi, kimbilia kwa muganga wa kituo cha afya, na chupa uende nayo mkononi.

Nawe, Cibalonza, umeniruhusu niandike jina lako, murakoze, asante. Ila gazeti halitoshi. Pita nyumba kwa nyumba, kwa wote walioacha kununua ndagala za Kassimu, uwaambie kwa kinywa chako kwamba ile nyumba haikuwa na corona. Anza leo, kabla hujafungua saluni, na yule aliyepiga kelele za corona kuliko wote.