Upande Wako wa Kompyuta

Duluth, Januari

Einar,

Mama mzima. Ziwa limeganda, na paa la gereji bado linavuja palepale. Salamu zimeishia hapo, maana nina hasira na wewe.

Ulipokuja Krismasi uliiwekea kompyuta ya Mama mfumo wa pili wa kuiendesha, kando ya ule wake. Nikakuuliza, "We Einar, wa nini huo?" Ukanicheka: "Dada, haya waachie wenyewe." Kisha ukazihamishia upande wako sauti za Baba, zile alizojirekodi kabla hajafa, akisimulia uvuvi wa kwenye barafu. Hukuacha nakala. Wala hukumwambia Mama kwamba mfumo wake hauwezi kusoma diski ya mfumo wako.

Jumapili alitaka kumsikia Baba. Akabofya ile diski. Kompyuta ikamwuliza kama iitayarishe upya ili itumike. Unawajua watu wa huku: tukiulizwa kwa adabu, hatukatai. Akabonyeza ndiyo, asijue kwamba hapo inafuta kila kitu. Ilipomaliza, akaishukuru. Nikamkuta anatazama diski tupu.

"Usimwambie Einar," akaninong'oneza. "Nimemharibia kitu chake."

Kitu chako! Fundi amejaribu kuzirudisha, ameshindwa. Umemnyang'anya Mama sauti ya mumewe, na bado yeye ndiye anayekuomba radhi. Amekuokea biskuti za siagi za kukutaka msamaha, bila kukutajia kosa. Nimezitia kwenye kifurushi hiki. Kila moja ikukabe kooni, halafu umpigie simu umwambie ni nani aliyemharibia mwenzake.

Dada yako, na bado nimekasirika,
Solveig