Koti la Bibi Bado Halijaisha

Ghorofa ya tatu, mezani jikoni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo wewe, mkaza mjomba hajambo, na binamu zangu mapacha hawajambo? Mama alisema kifua kilikusumbua baridi ilipoanza. Natumaini kimetulia na sasa unalala usingizi mzuri. Sisi tu wazima. Mama amerudi kutoka zamu ya hospitali na amelala, ndiyo maana naandika taratibu, hata kiti sikivuti.

Asante kwa kalamu ulizotuma. Naandika kwa ile ya bluu. Shuleni ninaendelea vizuri. Mwalimu wa darasa amenichagua nisome shairi siku ya wazazi, na Bibi ameshatangazia ngazi nzima kabla mimi sijamaliza kulikariri.

Bibi ndiye hasa ninayetaka kukuandikia habari zake. Mguu umepona. Anatembea bila mkongojo, ingawa mkongojo hajauacha, kwa sababu unafaa kuwanyooshea watu anapozungumza.

Ulipompigia Mama simu ulisema Bibi anashinda peke yake, mimi nikiwa shule na Mama kazini, na ndiyo maana akateleza jikoni pasipo mtu. Ukasema utakuja mwisho wa mwezi umchukue akakae kwako. Ninajua ulisema hivyo kwa kumpenda. Lakini simu ilikatika kabla Mama hajakueleza ni nani aliyemwinua. Nimemwomba ruhusa nikueleze mimi. Amesema, "Andika, ila kwa adabu. Na ile methali ya fimbo ya mbali usiitie." Basi sijaitia.

Aliyemwinua ni Mama Pindo, fundi cherehani mstaafu wa ghorofa ya kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuona pindo limefumuka akanyamaza. Atakusimamisha ngazini hata kama umechelewa. Yeye na Bibi wana ndoo ndogo yenye kamba ndefu, inayopita nje kutoka dirisha la jikoni kwetu hadi la kwake. Asubuhi Bibi anashusha chupa ya chai. Mama Pindo anaitoa, anaweka gazeti mahali pake, kisha anatikisa kamba. Kwenye kamba kuna kengele iliyofungwa na Mzee Kengele wa ghorofa ya pili. Huyo aligonga kengele ya shule mpaka akastaafu, na hadi leo hapendi mtu akichelewa.

Siku ile ndoo haikushuka. Mama Pindo alitikisa kamba, akatikisa tena, kisha akapanda ngazi na goti lake bovu. Alipopita kwa Mzee Kengele aligonga mlango kwa mkasi ili Mzee amwite dereva wa teksi. Ufunguo wetu wa akiba anao Mama Pindo, ndani ya kopo lake la vifungo. Mama alipofika kutoka kazini, Bibi alikuwa ameshakwenda zahanati, amefungwa bandeji, amerudi nyumbani, na alikuwa akilalamika kwamba chai imepoa.

Kwa hiyo, Mjomba, alianguka peke yake, hilo ni kweli. Lakini hakukaa chini peke yake kwa muda mrefu.

Jumamosi ndiyo siku yao kubwa. Magoti ya Mzee Kengele hayapendi kupanda wala kushuka, basi Bibi anashuka ghorofa moja, Mama Pindo anapanda moja, wanakutana nje ya mlango wa Mzee, pale ngazi zinapopata nafasi. Wana viti vitatu. Macho ya Bibi hayasomi tena herufi ndogo, kwa hiyo anayesoma gazeti ni Mama Pindo, naye husoma ukurasa mmoja tu, wa nyumba zinazouzwa. Kila Jumamosi wananunua nyumba.

"Hii ina vyumba sita na bustani," Mama Pindo atasema.

"Nani atafagia?" Bibi atauliza.

"Si tunaye Mzee hapa."

"Mimi nimestaafu. Someni nyingine."

"Hii iko karibu na stesheni ya treni."

"Ah, kelele hizo. Mwachieni mwenyewe," Bibi atasema.

Hawajakubaliana juu ya nyumba hata moja. Wanacheka mpaka wapangaji wengine wanafungua milango, na wakishafungua wanabaki papo hapo kusikiliza. Zamani nilidhani watu wakizeeka hukaa tu wakingoja jioni. Siku hizi nikirudi kutoka dukani, nikasikia kicheko kile tangu mlango wa chini, natembea nimenyoosha shingo, ili anayepita ajue kwamba huyo ni bibi yangu.

Sasa nije kwenye habari ya koti.

Jumamosi iliyofuata simu yako, Bibi aliwapa habari. Alisema, "Mwanangu ananiita." Alisema kwa fahari, Mjomba, kwa maana si kila mtu wa umri wake ana mtoto wa kumwita. Mzee Kengele alilikunja gazeti na nyumba zake. Mama Pindo hakumwambia asiende. Alivua futi ya kupimia shingoni mwake akasema, "Kule kuna baridi. Simama nikupime."

Tangu hapo koti linapanda na kushuka kwa ndoo. Ni la kitambaa kizito cha kijivu, na ndani lina bitana laini. Likipanda, Bibi anasema bega linabana, linashuka. Likipanda tena, sasa linapwaya, linashuka. Mimi ndiye ninayemvalisha, na nakuambia kweli, lilikuwa limemkaa kama alizaliwa nalo. Fundi mwingine angekasirika. Mama Pindo analitoa kwenye ndoo. Anafumua, anashona upya, tena polepole, yeye ambaye zamani alikuwa anamaliza sare ya muuguzi kabla maji ya chai hayajachemka. Mzee Kengele anasema koti hilo limeshafika ghorofa ya tatu mara nyingi kuliko yeye.

Juzi Mama Pindo alipanda mwenyewe kuja kujaribisha mikono. Bibi aliingiza mkono wa kushoto, ukakaa sawasawa. Aliingiza wa kulia, kiwiko cha koti kikatazama mbele. Mama Pindo alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

Huyu ndiye aliyewashonea sare wauguzi wote wa hospitali ya Mama, na Mama anasema hakuna nguo iliyowahi kurudishwa kwake. Alivua miwani akaifuta. Akaivaa, akatazama tena. Mkono haukubadilika.

Bibi alijitazama kwenye kioo, mkono mmoja umepinda kama mpini wa birika. "Mimi naona limenikaa vizuri," akasema.

"Usinidanganye, we mwanamke."

"Nikudanganye nipate nini? Halibani, halipwayi. Leo ndiyo umeshona."

Wakacheka sana. Kisha wakaacha kucheka, wote wawili kwa pamoja. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Koti lilipokuwa zima, Bibi alilitia kasoro kila lilipopanda, na lilipoharibika kweli akalisifu. Nimeliwaza sana jambo hilo, nikaona ni lazima nawe ulijue kabla hujakata tiketi.

Mjomba, Bibi hatakukatalia. Nilimuuliza kama anataka kwenda, akanijibu, "Mwanangu aniite, niseme sikusikia?" Sikuandikii kukuambia usije. Nakuomba uje, na ukifika usifungashe mizigo siku hiyo hiyo. Kaa nasi kidogo. Mzee Kengele ameshatoa kiti cha nne. Kina mguu mmoja mfupi, lakini amekitilia kipande cha ubao na amekikalia mwenyewe kukijaribu. Asubuhi nitakuachia kamba uishike, usikie uzito wa chupa ikishuka, na halafu wepesi wake Mama Pindo anapoipokea. Jumamosi utawasaidia kuchagua nyumba. Labda wewe, uliyeona nchi nyingi, utapata itakayomridhisha Bibi.

Na ukiwa umeketi naye, tafadhali usimuulize kama atakwenda nawe, maana atasema ndiyo. Muulize koti limefikia wapi.

Mama anakusalimu kwa upendo, na atakupigia simu zamu zikipungua. Msalimie mkaza mjomba, na uwaambie mapacha kwamba mashindano yetu ya kukariri mashairi bado yapo. Mzee Kengele anakusalimu na anasema ukija, usichelewe. Bibi anasema ujifunge kitu kifuani na usinywe maji baridi. Mama Pindo naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuulize upana wa mabega yako siku hizi. Hakusema kwa nini, na koti la kijivu alikuwa nalo mapajani, analifumua.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa na kifua kizima na moyo mweupe.

Wako akupendaye na akungojaye,
Mpwa wako,
mshika kamba wa ghorofa ya tatu