Walinipa Udhuru kwa Sababu ya Ngamia

Jumapili. Vumbi limefunika Riyadh tangu asubuhi. Nina huzuni ambayo sijui niipeleke wapi, basi naiandika hapa.

Ninachunga ngamia wa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini huku, nje ya mji. Ijumaa, nikiruhusiwa, huenda mtaa wa Manfuha mjini, kwenye nyumba kuukuu wanakokaa Wakenya wenzangu. Wengine hawana ikama, kibali cha kuishi huku, kwa kuwa wamewatoroka waajiri wao. Rehema alikuwa mmoja wao. Alitoroka nyumba ya madam mmoja kule Al-Safa, Jeddah, akapanda basi hadi huku akiwa na mkono uliovimba. Tulimpokea. Alitupikia chapati, akawa ananiita kaka.

Halafu vijana wawili wa nyumba ya Manfuha wakakamatwa na polisi.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba Rehema ndiye aliyewauza. Eti alionekana akiongea na dereva asiyejulikana. Wafula, anayetuongozea maombi, akasema wasimfukuze mtu kwa uvumi. Wakachagua watu watano wa kusikiliza na kuamua. Mimi nilikuwa mmoja wao.

"Mzee Kilonzo, wewe huna ugomvi na mtu," Wafula aliniambia. "Tunakuhitaji."

Niliogopa, lakini nilitaka kwenda. Nilitaka kumuuliza Rehema mbele ya wote, na nimsikilize mpaka amalize.

Alhamisi nikamwomba kafili, ninayemwita Baba, ruhusa ya kesho yake. Akamtazama ngamia mmoja aliyekuwa karibu kuzaa, akatikisa kichwa. "Mafi ruhusa, hakuna. Akizaa na wewe haupo, nani atamsaidia?"

Nikampigia Wafula. Hata hakubishana. "Basi kaa na ngamia wako, mzee. Tumekupa udhuru. Wanne tunatosha."

Kumbe walitosha kweli. Ijumaa watatu walisema aondoke, Wafula peke yake alisema abaki. Rehema alifungasha nguo zake mchana huohuo. Hakuwa na pa kwenda, na hakuna nyumba nyingine iliyokubali kumpokea baada ya maneno yale. Akarudi Al-Safa, kwa madam yuleyule.

Leo Wafula amenipigia akilia. Sijawahi kumsikia akilia.

Wale vijana wamepata simu huko wanakozuiliwa wakisubiri kurudishwa nyumbani. Wamesema hakuna aliyewauza. Teksi yao ilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, wakaulizwa ikama, hawakuwa nazo. Halas, basi.

"Mpigie wewe," Wafula alisema. "Mimi sina uso."

Mawakala wanaendelea kuleta wasichana kutoka nyumbani kila wiki, na kila mmoja anaambiwa kuna watu wetu huku watakaomsaidia. Nilikuwa nikiwaza hilo wakati simu inaita.

Rehema alipokea kwa sauti ya chini, maji yakichuruzika nyuma yake. Nilimweleza yote. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Waambie nimesikia."

Nikamuuliza kuhusu mkono. Akauliza lake.

"Kaka, ungekuja siku ile, ungesemaje?"

"Ningesema ubaki."

"Kweli?"

"Kweli, dada."

"Basi asante. Hilo linanitosha."

Nikasikia mwanamke akiita kwa ukali, "Yalla! Yalla!" Simu ikakatika. Nimejaribu tena mara nyingi, imezimwa.

Nimekaa hapa nikifanya hesabu isiyo na faida. Mimi na Wafula tungekuwa wawili dhidi ya watatu. Bado angefukuzwa. Labda mmoja wao angenisikia akalegea. Labda hapana. Wachungaji wenzangu wananiambia nishukuru kwamba mikono yangu ni safi, kwamba sikumhukumu mtu.

Ijumaa nitaenda Manfuha, Baba apende asipende. Tumtafute mtu wa ubalozi wetu, tumpe jina la mtaa na la madam, tuone kama kuna mlango wa kugonga.

Rehema alisema linamtosha. Mimi halinitoshi.