Leseni ya Bingwa

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha uani.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada, na natumaini barua hii itakukuta umeshiba na mgongo umeacha kukusumbua. Ile kazi ya kubeba makasha umeiacha, au bado unang'ang'ana nayo? Mama anauliza kama unapata usingizi. Mimi nauliza kama unakula, maana sauti yako siku hizi imekuwa nyembamba.

Haya ya leo sikutaka kuyasema kwa simu. Kwenye simu yakikufika shingoni unakata, kisha unasingizia mtandao. Karatasi haikatiki.

Sisi huku wazima, isipokuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Yule tunayemwita Kipanya kwa sababu anaguguna kila kitu sasa ana miaka miwili, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiguguna kizingiti cha dirisha la chumba cha mama. Daktari alimpima damu akakuta madini ya risasi. Yametoka kwenye rangi ya zamani ya madirisha na milango, ile aliyoipaka marehemu baba. Daktari hakutuficha: yakizidi yanaharibu ubongo wa mtoto, na yakishauharibu hakuna dawa ya kuurudisha.

Tukaambiwa rangi iondolewe na mafundi waliosomea kazi hiyo, kila mmoja awe na leseni yake mwenyewe. Hapo mama akamtaja mtoto wa mjomba, Bingwa. Kumbe ana leseni. Nilishangaa, kwa kuwa Bingwa ninayemjua mimi hajawahi kumaliza hata foleni, sembuse masomo. Lakini mama alifurahi kumpata mtu wa damu yetu, na mimi nikaonekana nina roho mbaya kwa kuuliza maswali.

Unanijua, nikinunua nyanya huzigeuza moja moja. Siku ya kwanza nilimwomba anionyeshe hiyo leseni. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, akaipitisha mbele ya macho yangu huku kidole gumba kimelala juu ya picha, akairudisha. Nikamwambia sijaona vizuri. Akacheka: "Dada, wewe ungefaa kukaa mlangoni pa benki."

Machale yakanicheza. Unakumbuka ulipokuwa unasomea kazi hiyo hiyo? Siku tano darasani, kisha mtihani, kisha kupimwa damu, ndipo wakakupa leseni. Kila ukirudi nilikushikia daftari nikikuuliza maswali, na ukikosea moja nakurudisha mwanzo. Majibu yako bado ninayo kichwani. Rangi inaloweshwa kwanza, halafu inakwanguliwa. Sakafu inatandikwa nailoni mpaka ukutani. Vumbi halifagiliwi kamwe, linapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Nguo za kazi haziondoki na fundi. Mtoto hakanyagi humo mpaka vumbi lipimwe.

Basi siku ya pili nikampelekea chai, nikajifanya hamnazo, nikamuuliza vumbi lote hili atalifanyaje. Akanijibu bila kupepesa macho: "Ufagio tu, dada. Ukifungua madirisha upepo unamalizia." Alikuwa akikwangua rangi kavu kabisa, na unga mweupe ulishatanda hadi kwenye shuka za mama. Barakoa ilikuwa imeteremkia shingoni. Nailoni aliyokuja nayo ilikuwa moja, na alikuwa ameikalia.

Nilimwambia mama tumsimamishe. Akanikasirikia: mwenzio ana leseni ya serikali, wewe una nini? Sikuwa na kitu, ila majibu ya daftari la mtu mwingine. Nikamhamishia Kipanya huku chumba cha uani, nikaziba chini ya mlango kwa taulo bichi. Lakini mtoto ana miguu. Na Bingwa kila akimaliza kazi alikuwa anambeba na ovaroli ile ile, anamrusha juu, mtoto anakufa kwa kicheko. Mara mbili nilimpokonya. Mara ya tatu nilikuwa nje naanika nguo.

Juzi akavua shati anawe bombani, akalitundika kwenye msumari. Sikuona haya, nilimpekua mfuko. Nikaisogeza ile leseni kwenye mwanga. Jina lako. Namba yako, ile uliyonikaririsha siku ulipoipata. Picha yako.

Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma tena. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Bingwa amekuibia. Uliondoka miaka mitatu iliyopita ukaacha vitu vyako chini ya kitanda cha mama, na yeye huingia humu atakavyo. Nilikuwa tayari kumkaba koo kwa niaba yako.

Halafu nikaona tarehe. Leseni imetolewa upya mwaka jana, mwezi wa nane. Haitolewi upya bila mwenyewe kufanya masomo ya marudio na kupeleka picha mpya. Na kwenye picha hiyo una ndevu.

Mdogo wangu, ulipoondoka hapa hukuwa na ndevu. Mama anakuomba picha kila mwezi, nawe unamwambia kamera ya simu imekufa. Picha hiyo mama hana. Bingwa anayo.

Nimeulizia. Marudio siku hizi yanafanywa kwa kompyuta, popote mtu alipo. Kwa hiyo maswali yale yale uliyajibu tena, ukapata, ukijua vizuri kwamba mtu atakayetembea na leseni hiyo hajui hata moja.

Nilimkabili Bingwa. Akasema: "Muulize mwenyewe. Alisema ananisaidia tu mpaka nipate yangu." Yeye ni mtu wa kona nyingi, labda anakusingizia. Nataka sana iwe anakusingizia. Nimeyageuza haya usiku na mchana nikitafuta njia nyingine ambayo picha ile ingeweza kumfikia, na sijaipata.

Bingwa nimemfukuza, na leseni ninayo mimi. Kabla hajatoka nilimbana akakiri kwamba amefanya nyumba sita kwa namba yako, na chekechea moja. Amekataa kunitajia ni zipi. Wewe lazima unazijua, au unaweza kumlazimisha aseme. Humo mna watoto ambao mama zao wanaamini nyumba zimesafishwa, na hakuna anayewapeleka kupimwa.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa yule nesi jirani yetu anayekuja huko kesho, kwa hiyo Jumanne utakuwa umeisoma. Ijumaa asubuhi naipeleka leseni kwenye ofisi iliyoitoa. Ukiwapigia kabla ya hapo ukajieleza na kuwapa zile nyumba, nitasema ulijitokeza mwenyewe. Usipowapigia, nitaeleza mimi, na sitapunguza neno.

Jambo moja nimelichelewesha makusudi, kwa sababu nilitaka usome yote kwanza. Jana tulipewa majibu ya damu ya pili ya Kipanya. Kabla Bingwa hajaanza kukwangua kipimo kilisoma kumi na mbili. Sasa ni thelathini na moja.

Shemeji yako anakusalimu. Mama anakusalimu sana. Habari za leseni bado sijamwambia, na hata leo amemsimulia mgeni kwamba mwanawe alisomea kazi ya kuwalinda watoto. Kipanya anakupungia mkono. Mama yake hajakuletea salamu. Yeye nimemwambia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kunyanyua simu.

Ni mimi nikupendaye, na hapo ndipo panaponiuma,

Dada yako.