Majina Yetu Kwenye Karatasi ya Bima

Mpendwa Baba Bukuru,

Karatasi ya bima uliyotutumia imefika, nami nakurudishia ndani ya bahasha hii. Usishtuke. Hatujakataa kuja. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ukasirike kama bado utataka.

Jumanne tulikwenda ofisi ya viza, mimi na watoto wote watatu, wameoga na kupakwa mafuta. Tulishuka kutoka hapa Kinanira kwa shangazi kwa miguu, maana asubuhi ile risasi zilisikika upande wa milimani na mabasi hayakutoka. Tukakaa kwenye benchi. Karani akaja mlangoni na dosiye mkononi, lile jalada la karatasi zetu, akaita jina lako: "Nduwayo!"

Moyo wangu uliruka, Baba Bukuru. Nilisahau kabisa kwamba uko Ubelgiji. Niligeuza kichwa kutazama kama umeingia.

Akaita tena: "Nduwayo Bukuru! Nduwayo Butoyi! Nduwayo Ciza!" Watoto wetu waliendelea kukaa pale pale wakichezesha miguu. Hakuna aliyeinuka. Akamwita mtu mwingine.

Nilipomfuata dirishani alivua miwani. "Mama, we ulikuwa wapi? Nimeita mpaka koo imekauka."

"Umeita watu nisiowajua."

"Bwana yako ameandika batoto bote kwa jina lake, kama Bazungu. Hata we amekuandika Nduwayo."

"Mimi? Kwani nilizaliwa na mama yake?"

Alicheka, mimi pia nikacheka, lakini hakutupokea. Alinieleza kwamba jamaa wa mwanafunzi hawapewi kibali cha kukaa huko bila bima ya afya ya kila mmoja, na jina la kwenye bima lazima lifanane na la cheti cha kuzaliwa. Ya kwetu hayafanani hata moja. "Mi najua," akasema, "kwetu tuko saba na kila mutu ana jina lake, apana ya baba. Lakini atakayesoma kule apana mi." Dosiye itangoja hadi mwisho wa mwezi ujao, basi. Baada ya hapo tunaanza upya.

Kisha akashusha sauti: "Nenda komini, kwenye ofisi ya kuandikisha watoto, wakubadilishie vyeti, waandike jina la baba. Ni kazi ya siku moja."

Nilikwenda, sikufichi. Nimechoka. Ciza anakohoa tangu mvua zianze, na kila ninapompeleka zahanati naiwaza ile karatasi yako yenye muhuri, kwamba huko daktari angemwona bila mimi kusimama mlangoni nikiomba. Nilifika hadi mlango wa komini. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yako.

Unakumbuka asubuhi walipozaliwa mapacha? Ulikuwa kazini kwa yule mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique. Ulikuja mbio na kipande kimoja cha kitenge, cha mtoto mmoja, ukasimama mlangoni umeduwaa, ukahesabu, ukahesabu tena. Ukarudi mbio vile vile kuomba kingine. Tajiri yako alisema rangi ile imekwisha, ukarudi mikono mitupu. Mama yako akakichukua kile kimoja, akakipasua katikati kwa meno. Akamwekea mkono mtoto wa kwanza, "Bukuru." Akamwekea wa pili, "Butoyi." Hakumuuliza mtu, maana mapacha hawatafutiwi majina. Akanitazama mimi nilivyolala kama gunia, akasema, "Na Ciza mwambieni tunamngoja."

"Mama," nikamwambia, "niacheni kwanza nipumue!"

Ulicheka hadi ukakaa sakafuni.

Ulipoondoka, Ciza alikuwa bado tumboni. Pale uwanja wa ndege uliinama mbele za watu wote, ukaweka mdomo kwenye gauni langu: "Ciza, mi ni baba yako. Usimsumbue mama." Hukujua ni mvulana au msichana, hukujua sura, lakini jina ulilijua. Anayefuata mapacha ni Ciza. Niliona aibu siku ile. Siku hizi ninapoosha vyombo narudia maneno hayo peke yangu.

Mama yako ametutoka. Nyumba ile haina paa tena. Katika vitu alivyowaachia watoto hawa, nusu mbili za kitenge zimechakaa, majina bado mazima. Nikageuka mlangoni, nikarudi nyumbani.

Na kuna jambo jingine, nalo nalisema bila hasira. Wewe uko mbali, umesahau. Hapa ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na karatasi mbili zenye majina mawili tofauti, utamweleza nani? Watoto wangu hawatabeba mashaka hayo.

Kwa hiyo rudi kwa hao watu wa bima. Najua ulitaka kuturahisishia mambo, najua umechoka kuulizwa kwa nini mkeo na wanao hawaitwi kama wewe. Waambie ulikosea. Nimekuwekea nakala za vyeti, cha ndoa yetu pia, ambapo jina langu la kuzaliwa linasomeka vizuri. Waandike kama yalivyo. Wakiuliza hawa watoto ni wa nani, kaa kwenye kiti uwaeleze. Wewe ndiye uliyesoma. Fanya haraka, mwezi ujao si mbali.

Sikatai kuitwa wa kwako. Lakini Ciza aliitwa jina la kwenye karatasi yako, akabaki amekaa kwenye benchi. Siku utakayotungoja huko nje ya mlango wa abiria, mwite jina ulilomwambia tumboni. Utaona atakavyokuja mbio.

Kikohozi kinaanza tena chumbani, naenda kumwinua. Ubaki salama, ufunike kifua, baridi ya huko isikuumize kabla hatujafika.

Ni mimi,
Mama Bukuru, na Butoyi, na Ciza