Jicho Lililoshiba Nyasi

Jumatatu, 3 Machi

Msimu umeanza. Leo tumelinganisha macho – na kama kawaida, macho yote yamelinganishwa na langu! Nasema bila haya, maana hapa hakuna anayenisoma.

Chumba cha mikutano, mapazia yamefungwa, feni inakoroma. Picha ya chini ya maji inamulikwa ukutani, kila mpiga mbizi anaandika kwenye kikaratasi nyasi bahari zimefunika asilimia ngapi, halafu wote tunainua kwa pamoja. Anayetofautiana na mimi anatazama tena mpaka akubaliane na mimi. Ndivyo tunavyofanya tangu mradi uanze, miaka kumi na miwili sasa. Ofisi nzima wananiita Mama Mraba, kwa sababu ile fremu ya mraba ya bomba la plastiki tunayoilaza chini ya maji niliikata mwenyewe kwa msumeno wa mume wangu. Msumeno haujakata vizuri tangu siku ile, na hajaacha kunikumbusha.

Leo wenzangu walikuwa wakarimu mno. "Hamsini!" Hamsini ya wapi? Thelathini, tena nimekuoneeni huruma. Mimi sigawi asilimia kama peremende.

Mwenye kupitisha picha ni mgeni wetu mchora ramani. Nimeshampa jina: Bwana Ramani. Mara mbili nimemwona akitabasamu peke yake nilipotaja namba. Simpendi mtu anayecheka na kompyuta.

Jumanne, 4 Machi

Chakula kwa dada. Kingekuwa kitamu kama mumewe angekula kimya.

Shemeji ana boti za mizigo. Kabla ya mradi walikuwa wanatia nanga popote kwenye mlango wa mto, na nanga zikiburutwa zinang'oa nyasi na mizizi yake. Tukafunga nusu ya maji. Sasa anatia nanga mbali, mafuta yanamla, na mimi ananila kwa maneno. Tarehe ishirini baraza linaamua: kufunga kuendelee, au maji yafunguliwe.

"Shemeji," akasema, "si mimi ninayesema. Ripoti zako mwenyewe. Kila mwaka: hakuna mabadiliko. Sasa mmetufungia ya nini?"

Dada akampiga teke chini ya meza ili anyamaze – najua kwa sababu alikosea, akanipiga mimi.

Iliniuma. Teke kidogo, maneno zaidi. Namba zangu ni za kweli na haziendi popote. Miaka yote hii ya kulowa, na kama anasema kweli je?

Alhamisi, 6 Machi

Kituo cha kwanza. Maji safi kama ya kwenye glasi. Nimeshuka na kupanda mara sijui ngapi, na umri huu, na wenzangu wa nusu ya umri wangu ndio waliokuwa wanahema kwenye boti. Mniache nijisifu.

Ila vile vigingi vya chuma tulivyopigilia mwaka wa kwanza! Kila kituo kina kimoja, ndipo tunapolaza fremu. Leo nimepapasa chini kama mtu anayetafuta hereni kwenye zulia. Nyasi zimenifika kwenye viwiko, kigingi sikioni. Niliomba maboya ya kutia alama mwaka juzi, nikaomba mwaka jana. Jioni nimeomba tena, kwa hasira na kwa herufi kubwa.

Kufunika: arobaini. Kama kawaida.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika.

Haya. Bwana Ramani aliniita, akafunga mlango. Akanionyesha picha. "Hii ungeipa ngapi, mama?" Mchanga mwingi, vishungi vya nyasi hapa na pale. Nikasema kumi na tano, tena kwa sababu ni Ijumaa. Akaniambia kwa upole kwamba ile ni picha ya kituo cha kwanza, mwaka wa kwanza, na kwamba mwaka ule niliipa arobaini.

Mimi? Arobaini?

Kumbe Jumatatu alichanganya picha za zamani na za karibuni makusudi, bila kutuambia. Zote za zamani nimezipa chini ya nusu ya namba nilizozipa wakati ule. Nilimwambia picha imepauka. Nilimwambia mwanga wa chumba ni mbaya. Nilimwambia mambo mengine ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mfanyakazi mwenzake, kisha nikatoka na mlango nikaubamiza. Nyumbani nikazifua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa. Mume wangu aliona, akaenda kukaa nje.

Jumatatu, 10 Machi

Mtunza stoo amenirudishia ombi la maboya. Bahili yule! Angeweza kuhesabu punje za chumvi. Kaniuliza dirishani, mbele ya watu: "Mwaka wa kwanza mlikuwa mnavionaje vigingi bila maboya?"

Nikamjibu kwa ukali: mwaka wa kwanza tulikuwa tunaviona tukiwa juu ya boti, chini kulikuwa kweupe!

Nikasimama pale dirishani mdomo wazi.

Kulikuwa kweupe. Jamani. Miaka mitatu nalalamika kwamba nyasi zimemeza vigingi, na miaka hiyohiyo naandika hakuna mabadiliko! Kwa mkono huuhuu!

Nilipanda ngazi mbio. Nikamwomba Bwana Ramani radhi kabla sijapata pumzi, kwa hiyo hakusikia, ikabidi nirudie. Nadhani alisikia mara ya kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Sasa naelewa. Mwaka wa kwanza tulikuwa na njaa ya nyasi. Kishungi kidogo nilikiona shamba. Nyasi zikaongezeka, jicho nalo likashiba, likaanza kudai zaidi kwa namba ileile. Arobaini ya leo siyo arobaini ya zamani. Na kwa kuwa kila jicho lazima likubaliane na langu, sote tumekosea kwa pamoja, tena kwa nidhamu kubwa. Ukali wangu! Ule ninaotembea nao kifua mbele!

Basi leo tumefanya upya. Picha za miaka yote kumi na miwili zimechanganywa, hakuna tarehe, kila mtu peke yake na kona yake. Hakuna kuinua, hakuna kukubaliana na Mama Mraba. Bwana Ramani akaiwekea kila picha vidoti, akahesabu vilivyoangukia kwenye nyasi, ili kompyuta nayo iseme lake.

Alasiri akachora mstari wa grafu ukutani.

Umepanda! Umepanda mwaka hadi mwaka. Nyasi zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Macho ya watu na vidoti vya kompyuta vinasema kitu kimoja. Nilipiga kelele, mhasibu akaja akidhani kuna moto. Nikalia. Nikamkumbatia Bwana Ramani mpaka miwani yake ikapinda. Hatukupanda hata jani moja – tumeziacha tu, na zimerudi zenyewe. Miaka kumi na miwili. Kazi yangu haikuwa bure. Haikuwa bure!

Mkuu wa ofisi kafurahi, halafu kafikiri. Anataka tuliambie baraza kwamba tuna "njia mpya" na tusifukue ya nyuma. Itakuwa aibu, anasema. Nikamwambia aibu ni yangu, naibeba mwenyewe. Nikificha kosa la jicho langu, shemeji atalifukua kabla sijakaa kwenye kiti. Yule namjua.

Alhamisi, 20 Machi

Mapumziko. Naandika kwenye ngazi za ukumbi, penseli ni ya kuazima.

Ukumbi umejaa. Wenye boti safu tatu za mbele, msemaji wao nani? Shemeji! Kavaa suti ya harusi ya binti yake. Nilieleza yote, mstari, vidoti, na jicho langu. Sikupunguza neno. Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

Shemeji akasimama. Akauliza, kwa adabu, kwamba kama jicho la mtaalamu limekosea miaka yote hii, kwa nini baraza lianze kuliamini leo?

Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Lakini sikukaa. Nikasema: "Msiliamini. Tumieni yenu."

Nikaomba mapazia yafungwe. Picha mbili ukutani, kigingi kilekile, fremu ileile, bila tarehe. Vikaratasi kwa kila mtu, wajumbe na wenye boti. Nikawafundisha dakika chache tu, kama ninavyowafundisha wapiga mbizi. Ukumbi ukatulia, penseli tu zinasikika. Nimefundisha watu wengi kutazama, sijawahi kufundisha wengi hivi kwa mara moja. Nilijiona mrefu!

Wakaandika wote. Mwenyekiti akasema tupumzike kwanza, tukirudi waviinue.

Shemeji yupo pale dirishani na wenzake. Mmoja anamnong'oneza abadilishe, mimi nasikia. Anajibu kwamba kaandika alichokiona. Wanamzonga. Kakishika kikaratasi chake kwenye kifua kama mwanafunzi wa mtihani.

Kengele. Anakuja huku peke yake.

Ananiuliza kwa sauti ya chini: "Shemeji, ile iliyojaa – ni ya zamani au ya sasa?"

Nimemwambia: "Kwanza inua karatasi."