Taa ya Kichwani

Jumatatu, 3 Machi
Nusura leo! Nakimbia zangu alfajiri, saa kumi na moja, giza totoro, mara upepo wa baiskeli sikioni. Kreti la mikate limenikwaruza kiwiko. Mwenye baiskeli taa hana, kengele hana. Hakusimama. Amenifokea tu kwa sauti yake nzito ya kukwaruza — mzee, umevaa nyeusi gizani, nikuone kwa macho ya paka? Mimi, fundi cherehani mzima, ninayeshinda nikiwachagulia watu rangi za nguo!

Mama watoto amecheka hadi akakaa chini. Kisha akanuna. Daktari alisema nikimbie nishushe presha, hakusema nikagongwe.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaniletea taa ya kuvaa kichwani, ya mkanda, kama ya wachimba migodi. Nimeijaribu dukani kwangu, milango imefungwa. Naona hadi tundu la sindano ndogo kabisa. Sasa waje.

Alhamisi, 6 Machi
Raha tupu. Nimekimbia upande wa kutazamana na wanaokuja, kama shemeji alivyoelekeza. Wenye baiskeli wananipisha kutoka mbali. Mmoja aliinua mkono usoni. Nikampungia.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi. Kwenye kona ya karakana ya mbao nilisikia tairi. Nikainua kichwa nimwone vizuri — taa yote ikamwingia machoni. Zima hiyo, akafoka, zima! Nikapapasa swichi, siioni. Baiskeli ikaingia mtaroni, mikate ikamwagika. Sauti ni ile ile ya Jumatatu.

Ndipo vidole vikaipata swichi. Nikazima. Halafu nikakimbia. Si kwenda kwake. Kuja nyumbani.

Kumbe jana yule hakuwa ananisalimia. Alikuwa anaziba macho.

Nimemwambia mama watoto nimechoka mapema leo. Naona haya hata kuandika.

Jumamosi, 8 Machi
Sijakimbia. Duka la mtaani hakuna mkate. Mwenye duka anasema mtu wa mikate kavunjika mkono. Mkewe ndiye anasukuma baiskeli huku akitembea, mikate inafika watu wameshakwenda kazini. Mwokaji kawapa wiki mbili, baada ya hapo anatafuta mwingine.

Tumekunywa chai kavu. Mama watoto kasema maskini, sijui ilikuwaje. Nikakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

Jumatatu, 10 Machi
Sijakimbia. Taa nimeificha chini ya mashuka. Presha sijapima, sitaki kujua.

Jumanne, 11 Machi
Yuko hapa dukani kwangu. Mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu hadi juu ya kiwiko, shati kalitupia begani. Kaleta mashati mawili, anataka nipasue mkono mmoja wa kila shati na kuutia vifungo, aweze kuvaa bila kumsumbua mkewe. Nimeijua sauti kabla sijainua macho.

Nikatia pini mdomoni haraka. Fundi mwenye pini mdomoni hadaiwi maneno. Nikampima kwa ishara za kichwa tu — ndiyo, hapana, geuka.

Kasimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Kuna mtu alimmulika, hakumwona sura. Nikangoja matusi. Hayakuja. Alisema taa ilizimika ghafla na mtu akanyamaza kimya, yeye akadhani mtu huyo naye kaanguka. Akamtafuta. Kwa mkono mmoja, mtaroni, anaita, mikate anaikanyaga. Hadi kulipopambazuka! Na mpaka leo hajui kama yule mtu alifika kwake salama. Kaniuliza kama nimesikia lolote mtaani, kwa kuwa fundi huonana na watu wengi.

Nimetikisa kichwa. Hapana. Mungu anisamehe.

Shati la kwanza limekwisha, nimemvalisha mwenyewe, vifungo vimekaa sawa. Kashukuru kwa adabu, kaniita mtu mwema. La pili liko kwenye mashine. Yeye yuko kwenye benchi, ananitazama nikiandika, nadhani anadhani ni vipimo.

Sasa hivi kauliza, fundi, mbona mkimya hivyo, au nimekuudhi?

Nina pini tano mdomoni. Nimetoa nne, nimezichoma kwenye kifuko cha pini. Imebaki moja.